Mume wa Shaba

Nilimnunua Marikiti kwa shilingi sitini,
mume wangu: pete ya shaba, nyepesi kama ganda la kunde.
Mamangu alicheka. "Mwanaidi, huyu angalau hakoromi."
Nikavuka naye Horohoro,
pasi ikagongwa muhuri mmoja,
hakuna aliyeuliza ya kwake.

Tanga alikuwa mhandisi.
Morogoro nikamfanya askari,
kwa ajili ya yule kijana wa gesti
aliyegonga mlango mara mbili kuuliza kama nina taulo.
Iringa alipanda cheo.
Tulipofika Mbeya alikuwa mwanamume wa kutisha,
nami nimechoka kumbeba.

Tukuyu ikatupokea kwa mvua.
Si mvua ya kwetu, inayofoka ikapita;
hii ilikuja ikakaa kitako,
kama mgeni aliyekuja na godoro lake.
Nikajibanza chini ya paa la duka lililofungwa,
viatu vyangu vikinywa,
hadi mwanamke mmoja, gunia la nailoni kichwani,
mkungu wa ndizi begani,
akasimama akanitazama bila haraka.
"Uko na nani?"

Lile swali. Limenifuata kama mbwa tangu mpakani.
"Na mume wangu. Anakuja. Kesho, labda usiku."
"Basi njoo umsubiri pakavu."

Jina lake Tusekile. Nyumba yake nyuma ya mashamba ya chai,
jiko la moshi, na mtoto mmoja, Lusajo,
aliyenikodolea macho kisha akauliza
mbona naongea kama redio.
Nilidhani lugha hii ni ya kwetu, pwani, wengine tumewaazima;
usiku ule nikaikuta imevaa sweta,
imesogea motoni,
haidaiwi na mtu.

Akapakua ndizi na maharage, akamimina maziwa mgando.
Sahani yangu. Ya Lusajo. Yake.
Kisha ya nne, imejaa kuliko zote.
Akaifunika kwa jani la mgomba,
akaiegesha penye majivu ya moto.
"Ya mumeo. Mtu wa safari hafiki ameshiba."

Sikulala.
Mvua juu ya bati, na kule jikoni
mtu asiyekuwapo amewekewa chakula
na mtu anayehesabu ndizi zake.
Nikawaza kuinuka nikile gizani, niioshe sahani,
niseme alikuja, akala, akaondoka alfajiri.
Ndiyo, hata hilo nililipanga.

Asubuhi: "Mugonile."
Lusajo akanifafanulia huku anasugua macho:
ndivyo wanavyoamkiwa watu wengi,
ila mtu mzima pia unamwamkia hivyo,
hata akiwa mmoja.
Nikaangalia kidole changu.
Kimeota kijani chini ya pete.

Tusekile alingoja mtoto atoke na ndoo.
"Hakufika," akasema. Halikuwa swali.
"Hakufika. Na hatafika, dada. Hayupo.
Hajawahi kuwapo."

Akachochea moto. Kuni mbichi zikalia.
"Wangu aliaga anakwenda Tunduma kununua spea ya pikipiki.
Huyu Lusajo nilikuwa naye tumboni.
Wakiniuliza nawaambia, Ijumaa.
Ijumaa ipi, hakuna anayeuliza."

Akaivuta ile sahani, akalitupa jani nje kwa kuku,
akazipasha ndizi mpaka zikashika chini ya sufuria.
Tukala sahani moja, mkono wake, mkono wangu,
chakula cha waume zetu.
Kimekolea moshi. Kitamu, jamani.
Tukabakiza kidogo kwa ajili ya Lusajo,
ambaye bado alikuwa kisimani,
na mvua ilikuwa bado haijaaga.